Sauti ya Mama kwenye Kaseti

Zahran,

Bi Wanu wa jirani anadai asubuhi kamsikia marehemu mama akisomesha hesabu humu ndani, kakimbia bila ya viatu. Ilikuwa kaseti, yale masomo aliyomrekodia mdogo wetu Lamya mwaka ule alipougua asiende skuli. Mama kauliza, "Saba mara nane?" kisha kanyamaza kungoja jibu. Lamya analia tu, nikajibu mimi. "Ahsanta, mwanangu," akasema. Mara akapiga kelele mtangazaji wa mpira. Umerekodi juu ya mama!

Nnakwenda Mwanakwerekwe, makaburini kwa mama. Wali umo sufuriani, Lamya akikataa kula mbembeleze. Redio usiiguse. ~~Nshakusamehe.~~ Bado sijakusamehe.

Kaseti ya pili ya masomo ya mama siioni. Nakuomba, niambie hujarekodi juu yake.

Dada'ko