Sahani ya Mukimo Niliyoisukuma Endarasha

Jumapili. Tumetoka kanisani na ukungu bado umelala juu ya majani chai, jua halijaamua kama litatoka au litatuacha hivi. Baridi iko. Lakini moyo wangu uko na joto leo, kwa hivyo wacha niandike kabla ng'ombe hawajaanza kelele ya kukamuliwa.

Wale mnasomanga hapa mnajua vile nimekuwa nikipigana na huu mwili. Kama wewe ni mgeni, mimi ni mama wa huku Othaya, nachuna chai, shule niliachia darasa la saba, na magoti yangu yamenichoka. Muuguzi wa kliniki alinipima presha, akanipandisha kwa mizani, akaniambia kwa upole, "Mama, hayo magoti yanabeba watu wawili. Teremsha mmoja."

Nilicheka hapo kliniki. Nilipofika nyumbani nikalia kidogo.

Mama yangu presha ilimwangusha shambani akiwa na jembe mkononi, na hakuamka tena. Mimi nataka kubeba wajukuu mgongoni. Sitaki kuwaangalia nikiwa nimewekwa kwa kiti kama gunia la viazi.

Basi nikaanza. Chai bila sukari. Githeri, mahindi na maharagwe, ya kuchemshwa tu. Mafuta napima na kijiko kama dawa. Na uzito umekuwa ukishuka, si uongo, ile sketi yangu ya kanisa siku hizi inazunguka, zipu inakuja mbele yenyewe.

Lakini kuna kitu sikuwa nimeambia mtu. Ni ile mambo ya andazi.

Kuna mama anayepika mandazi karibu na kituo cha kupima majani. Nikishapima, ile harufu inanifuata mpaka barabarani kama mtoto. Siku nikishindwa, nanunua moja, nalificha ndani ya sweta, nakuja nalo mpaka nyuma ya zizi. Hapo ndio nalila, nikiwa nimesimama, mbio mbio, ng'ombe akiniangalia. Halafu naomba Mungu msamaha.

Kwa ajili ya andazi.

Na jioni ya siku hiyo sili. Nawapakulia wengine nasema nimeshiba. Baba Kariuki anafikiri mke wake amekuwa mtu wa nguvu sana.

Sasa, jana.

Kijana wetu Kariuki amepata msichana, Wangeci, wa kule Endarasha. Msichana mpole lakini akiongea utacheka. Jana ndio tulienda kwao mara ya kwanza tukiwa watu wazima wa pande zote, kusema kwamba tumemwona na tunamtaka. Wanaume walienda na maneno yao. Sisi wanawake tulibeba viondo vyetu, unga, sukari, mchele, na nguo nzuri.

Kwetu, siku kama hiyo wazee wanaongea huko mbele, lakini wanawake wanasoma sahani. Na sahani inayosomwa kabisa ni ya mama wa kijana. Ukila vizuri, msichana wao amepata nyumba. Ukiacha chakula chao, umewaambia humtaki, hata kama mdomo wako unasema amani, amani.

Hiyo mimi naijua tangu nikiwa mdogo. Nitasema aje sikuijua?

Lakini wiki yote nilikuwa nikiogopa hiyo siku. Jumatano niko na kliniki. Nilikuwa nafikiria mizani tu, mizani tu. Nilipowekewa sahani, mukimo ikiwa mlima, imepondwa laini na mahindi yake na majani ya malenge, na nyama ya mbuzi juu inang'aa mafuta, mimi sikuona chakula. Niliona ule mshale wa mizani ukipanda.

Nikamsukumia dada yangu Nyambura mukimo yote, pole pole, kwa kijiko. Nyama nikaiacha kando. Nikala kabeji. Wakaleta uji kwa kibuyu nikasema hapana, asante. Nikaitisha chai ya rangi, bila sukari.

Nilijisikia mshindi. Hiyo ndio inaniuma.

Wangeci alikuja kuchukua sahani. Aliiangalia, akaniangalia, akaibeba na mikono miwili kama kitu kinaweza kumwagika. Baadaye kidogo nikasikia sauti ya cucu yake, yaani nyanya yake, jikoni, na yule cucu hajui kunong'ona.

"Huyo mama wa kijana ameona nini kwa sahani yetu? Mtoto ameponda mukimo tangu alfajiri."

Huku nje wanawake wakaanza kuongea juu ya mvua.

Nyambura, mdomo umejaa mukimo yangu, akanipiga kiwiko. "Unaharibia Kariuki, wewe. Na mimi pia unaniua, siwezi kumaliza hii."

Nikaona sasa. Nimepigana na andazi mpaka nimemuumiza mtoto wa watu. Nikaona kijana wangu kule mbele, amekaa wima karibu na babake, anatabasamu, hajui mama yake ameshamkatalia bibi kwa kijiko.

Mgeni haingiagi jikoni siku kama hiyo. Mimi niliingia.

Wangeci alikuwa ameinama kwa sufuria, anasugua mahali palipokuwa tayari safi. Mama yake alishika mwiko akaniangalia tu.

Nikawaambia, "Mnisamehe. Si chakula. Ni mimi." Nikawaambia kuhusu presha na yule muuguzi, na vile mama yangu alianguka shambani. Halafu sijui ni nini ilinifungua mdomo, nikawaambia hata ile ya andazi nyuma ya zizi, na vile ng'ombe huniangalia.

Mama Wangeci ndiye alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwa debe.

"Mama Kariuki," akasema, "unaona hili debe nimekalia? Ni la unga. Chapati zangu nafichaga humu ndani. Mimi niko na sukari, niliambiwa niziache, na watoto wananichunga kama askari."

"Kumbe ni hapo," Wangeci akasema, na akacheka pia, mara ya kwanza tangu achukue ile sahani.

Cucu peke yake hakucheka. Akachukua sahani akampatia Wangeci. "Mwekee. Na atakula hapa hapa nikimwona."

Wangeci akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikuwekee ngapi?"

Ameniita mama. Nikamwambia mukimo kidogo, mboga ya managu nyingi, na nyama ile haina mafuta. Akapima vizuri kuliko kliniki. Nikaketi kwa kigoda, nikala yote, nikapangusa sahani na kidole, na nikanywa uji pia, nusu kibuyu. Cucu alipoona sahani, akageuka akaenda kuangalia moto. Hiyo ilikuwa ruhusa.

Na nikwambie ukweli, ilikuwa tamu. Sijui kama kuna siku mwaka huu nimekula kitu nikakisikia ladha hivyo. Hata sikuomba msamaha baadaye.

Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Tulipofika nyumbani nikafungua changu. Chini kulikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, halafu managu na terere, mboga za kunijaza wiki nzima. Mama Wangeci alikuwa amefikiria magoti yangu. Juu kabisa, kwa kitambaa safi, kulikuwa na chapati mbili.

Nikampigia Wangeci simu kusema asante. Akanijibu, "Mama, moja ni yako na moja ni ya baba. Ng'ombe hajawekewa."

Huyo msichana atanimaliza na kicheko.

Jumatano nitapanda ile mizani. Ikisema nimeongeza kidogo, nitaiambia nilikuwa Endarasha. Sukari bado siweki kwa chai na ule mlima wa kwenda kituoni bado naupanda na miguu yangu. Presha si mchezo, mimi najua vile inachukua mtu. Lakini hii ya kula kama mwizi, na kushinda njaa jioni kama mtu aliyehukumiwa, nimechoka nayo.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilipasha zile chapati moto. Nikavuta kiti mpaka mezani, nikaweka yangu kwa sahani, na managu kando. Baba Kariuki akaacha kikombe hewani.

"Kwani umewacha ile mambo yako ya kupunguza?"

Nikamwambia sijawacha. Nimewacha kusimama nyuma ya zizi tu.

Hakuelewa. Nikamwambia aketi, amalize chai yake, nitamweleza yote pole pole.