Uzi wa Dirishani na Joto la Chumba cha Mama

Nyuma ya Shelly Beach,
Likoni, Mombasa.
11 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Suleiman,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, wewe na shemeji Jalila na watoto, na kwamba mgongo uliokusumbua mwezi uliopita umetulia. Sisi hatujambo kwa rehema za Mola. Mama anakula, anasali kwa kukaa, na presha yake ilipopimwa jana ilikuwa ya kuridhisha. Joto la kaskazi ya mwaka huu ni kali kuliko la mwaka jana.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu ya nyumba hii husikilizwa na kila apitaye ukumbini, nami nataka jambo hili likufikie kwa mpangilio wake. Mwanangu Luqman, anayesafiri Alhamisi, atakukabidhi mwenyewe.

Katika barua yangu ya Disemba nilikueleza shaka zangu juu ya Kafedha, mama wa Mtongwe aliyekuwa akimtunza Mama. Ulijibu kwa mstari mmoja kwamba aondolewe, na tarehe ishirini Januari akaondoka. Nakuomba usimweke mtu mwingine mahali pake mpaka uimalize barua hii.

Viyoyozi viwili ulivyotuletea ni vya aina moja, na fundi Masha alivifunga siku moja. Cha ukumbini hushusha joto hadi nyuzi ishirini na tatu. Cha chumbani mwa Mama, ambacho ndicho kilichokusudiwa hasa baada ya yeye kuzimia kwa joto mwaka juzi, hakikulishusha chini ya ishirini na tisa tangu mwezi wa Novemba. Nilipima kwa vipimajoto viwili, kisha nikavibadilishana, nisije nikakilaumu chumba kwa kosa la kipimo.

Masha alikuja mara mbili. Unamjua Mama: mwanamume asiye maharimu wake haingii chumbani mwake, awe fundi awe waziri. Kwa hiyo Masha aliukagua mtambo wa nje tu, akasema gesi imejaa na hakuna kasoro. Sikumwamini. Nilipopata habari kwamba yeye na Kafedha wote asili yao ni Kaloleni, nikapunguza hata kile kidogo nilichokuwa nimemwamini.

Siku moja nilimkuta Kafedha chumbani amevaa sweta. Nikajenga hoja: ahisiye baridi hulifungua dirisha ili joto liingie. Nikafunga uzi mweusi mwembamba kati ya komeo na fremu, bila kumwambia mtu. Baada ya siku tatu uzi ulikuwapo, ila fundo halikuwa langu.

Nilimuuliza kama amelifungua dirisha. Akasema, "La, Mwalimu, komeo sijaligusa." Nililihesabu jibu hilo kuwa uongo, na barua yangu ya Disemba ilisimama juu ya fundo lile.

Sasa soma kwa makini. Kafedha aliondoka, dirisha likakaa limefungwa, na joto la chumba likapanda hadi nyuzi thelathini. Hoja iliyo sahihi haifanyi hivyo. Nikamshuku Mama mwenyewe, Mungu anisamehe, kwamba hukizima kiyoyozi nikimpa kisogo. Nikaichukua rimoti nikalala nayo chini ya mto wangu siku mbili. Hapakuwa na tofauti.

Ndipo nilipopanda juu ya kigoda, nikakifunua kifuniko cha kiyoyozi na kulichomoa chujio. Lilikuwa limefunikwa na gamba la rangi ya asali iliyoungua, linanata vidoleni, na hewa haipenyi. Nililinusa. Ulikuwa ubani.

Ni ubani wako, Suleiman, ule unaomletea Mama kutoka huko kila apatikanapo msafiri. Kila baada ya Alasiri huweka chetezo chini ya kiyoyozi na kufunga mlango ili harufu isipotee, na mashine huuvuta moshi wote pamoja na vumbi. Ukumbini hatufukizi. Nililiosha chujio kwa sabuni na maji ya vuguvugu, na kabla ya adhuhuri kipimajoto kilisoma ishirini na nne.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningejilaumu kwa uzembe tu. Lakini nilikumbuka kwamba Oktoba Kafedha aliniambia, "Mwalimu, moshi huu hauifai ile mashine." Mimi, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa, nilidhani anaudharau ubani wetu. Nikamjibu, "Nyumbani humu ubani ulitangulia mashine." Hakulirudia neno lake tena.

Mama nilimweleza taratibu. Akaniangalia kama aangaliaye mtoto mkaidi. "Moshi huu ndiyo harufu ya mwanangu," akasema. "Mwataka niutowe nde?" Tulipatana kwamba moshi ubaki nje: nguo na mashuka yake yatafukizwa uani, kisha yaingizwe ndani. Amekubali, ila namshuku bado. Jana nilimkuta ameficha chetezo chini ya kitanda.

Juzi nilikwenda Mtongwe. Kafedha alikuwa mlangoni akimenya muhogo. Nilimuuliza habari za uzi kabla ya jambo lolote, kwa maana lilikuwa likinila. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Ulikatika nikipangusa vumbi, Mwalimu. Nikadhani ni dawa yenu ya kuilinda nyumba, nikaufunga tena nisije nikawaharibia. Na sweta ile ilikuwa ya homa tu."

Miaka thelathini na moja nimefundisha fizikia, na uzi wangu wa uchunguzi ukachukuliwa kuwa hirizi. Na yeye, aliyeitunza hirizi isiyo ya dini yake, ndiye niliyemwita mwongo.

Wewe nawe una sehemu yako. Mimi nilikosea kwa kupima vibaya. Wewe ulimfukuza mtu bila kuniuliza swali hata moja. Tangu Kafedha aondoke, Mama anaoga kwa shida, wala hamkubali mwingine amshike. Kafedha yuko tayari kurudi kwa ajili ya Mama, lakini anataka neno lako mwenyewe, kwa maandishi, lenye jina lake. Mpe Luqman arudi nalo.

Alitoa na sharti la pili: kwa kuwa barua ya kwanza iliandikwa juu yake naye hana habari, hii nimsomee kabla ya kuifunga. Nimemsomea leo asubuhi. Alisikiliza yote, akaitikia, akanisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba amenisamehe. Aliniambia nilifute hilo, kwa sababu bado.

Nisalimie shemeji Jalila na wanangu wote, na jirani yako Jafar anayetukumbuka kila Idi. Mama anakuombea dua usiku na mchana, uzidishiwe afya na riziki ya halali, na Mungu atukutanishe akiwa bado na macho ya kukuona.

Ndugu yako akupendaye bila shaka yoyote,

Mwinyihaji