Wigi la Jirani Limebaki Mji Mkuu

2 Mei

Kitindamimba wangu,

Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalalamika kama wapangaji. Wewe je? Kifua hakijambo? Ulipokuwa mdogo kikipiga filimbi mimi ndiye niliyekuwa nakesha, kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Picha uliyotuma imeniumbua. Unajua ninavyowaambia watu: binti yangu ni fundi wa Idara ya Maji mji mkuu, yeye asipofungua koki hata Rais haogi. Basi nikawaita majirani, nikaitoa picha kwa madaha. Jirani Redio, ambaye jina hilo tulimpa kwa kuwa hazimiki, akavaa miwani. "Mwenzangu, ghorofa liko wapi? Mimi naona miti, mlima, na tumbili kwenye kamba ya nguo!" Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Sasa sikiliza. Mjomba wako amekupatia nafasi kiwandani kwake, kwenye ule mji wenye ghorofa za kuvunja shingo. Anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Kubali, mwanangu, nami nipate la kusema.

Anayejivunia wewe,
Mama

9 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini wapangaji wa magotini wametulia. Mimi mzima, na kifua pia.

Mji ni mdogo, sibishi. Kazini naenda kwa miguu, na mtaa wetu ukiisha msitu unaanza. Nikitoka karakana mikono imejaa grisi, napanda mpaka kwenye chemchemi ambako maji yetu yanatoka, naosha uso hapohapo. Muuza viatu wa pale kona ananiita daktari wa mabomba. Wiki jana nilipanga foleni ya nyanya nyuma ya waziri, naye akakosa chenji kama sisi.

Kwa mjomba sitaki kwenda, mama. Lakini kukukaidi pia siwezi. Njoo kwanza uone, kisha useme wewe. Ukisema nihame, nitahama.

Bintiyo

14 Mei

Mwanangu,

Huku wote salama. Nakuja. Redio ameniazima wigi lake la kuendea harusini, eti nisiingie mji mkuu na kichwa kama nimetoka kulima. Ameniapisha lirudi kama lilivyo.

Ila usijidanganye. Nakuja kukusaidia kufunga mizigo.

Mama

27 Mei

Shikamoo mama,

Umefika salama? Safari haikukuchosha?

Niliporudi kutoka stendi nilimkuta yule tumbili aliyetuibia juu ya paa, amelivaa wigi, na samahani mama, limemkaa kuliko lilivyokukaa wewe. Nilikuambia usianike kitu dirishani. Ukanijibu, "Tumbili wa mji mkuu wana adabu zao." Nimemtupia ndizi abadilishane. Ndizi kaila, wigi kakataa kulivua.

Lakini mama, siku zote ulizokaa hukutaja habari ya mjomba. Hata basi lilipong'oka ulinipungia mkono tu. Masanduku nimeyatoa chini ya kitanda, yananitazama. Mwezi unaisha. Niambie basi.

Bintiyo

30 Mei

Fundi wangu,

Mimi mzima, Redio ndiye mgonjwa wa hasira. Nilimwambia kweli tupu: "Shoga, wigi lako limepata makazi mji mkuu kabla yako." Akanuna, hata salamu zangu haitikii. Jana kaja mwenyewe mlangoni, kajishika kiuno: "Hivi nikienda kulidai, huyo mwanao ana nafasi ya kulala mgeni?" Jiandae.

Sasa la mjomba. Nilikuja kufunga mizigo, sikufichi. Ila ile Jumapili mchana tuliporudi kutoka chemchemi, ulijitupa mkekani ukalala. Mimi nikakaa pembeni kama zamani, nikatega sikio nikingoja filimbi. Upepo wa msituni ukawa unaingia, pazia linapanda, linashuka, na kifua chako hivyohivyo, kimya. Nikangoja mpaka chai yangu ikapoa. Haikulia. Nikaamua palepale, ila nikataka kwanza nimalizane na mjomba wako.

Leo asubuhi nimempigia mjomba wako. Nimemwambia moshi wa kiwanda chake avute mwenyewe, mimi kifua cha mwanangu sikikodishi. Kakasirika. Atapoa.

Majirani nimewaambia mji mkuu wetu ni wa heshima, hata ghorofa zimesogea kuupisha msitu. Nimetia chumvi kidogo, usinisute.

Rudisha masanduku chini ya kitanda. Lile dogo liache nje, nitakuwa naweka nguo zangu nikija.

Mama yako