Babu Ametoka na Pua ya Mjukuu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nikuseme: nani alikutuma uandike gazetini kwamba msanii wa kweli hujitenga na watu? Mjukuu wangu mchonga sanamu amekusoma, akaiacha karakana aliyokuwa akichonga na wenzake, akahamia chumba changu cha nyuma, akapiga komeo, hata chakula anapokelea dirishani kama mfungwa.

Mimi shule niliionja tu, lakini uchongaji niliolewa nao, marehemu mume wangu alichonga milango inayofunguliwa hadi leo, na mjukuu huyu kamzidi, nasema wazi na wenye wivu wajinyonge, sasa ukoo mzima unakuja mwisho wa mwezi kuona sura ya babu yake aliyoichonga, na juzi kanifungulia niitazame, mti umelainishwa mpaka unateleza, lakini pua si ya mume wangu, pua ni yake mwenyewe, na kidevu chake, kumbe humo ndani hana uso mwingine wa kutazama ila wake kwenye kioo cha kunyolea, nikamwambia, “Baba, huyu ni wewe umezeeka,” akanijibu, “Bibi, sanaa huijui,” akanifungia mlango. Wenzake walikuja kumwona nikawatimua, nikawaambia damu yetu haisahihishwi na wapiga msasa. Nivunje komeo?

Bibi wa Fundi

*

Shikamoo, Bibi. Nilisema mtu apate utulivu wa kazi, sikusema ajizike. Sasa na wewe usikie.

Jivunie mjukuu, ni haki yako, mkono anao. Lakini mchongaji asiye na wa kumwambia “hapo umekata sana, acha” huishia kujichonga mwenyewe, na wa kumwambia hivyo walikuja hadi mlangoni kwako ukawatimua. Komeo kalipiga yeye, ufunguo umeutupa wewe. Na mumeo, alipochonga, nani alikuwa akimwambia mlango umepinda? Si wewe? Basi usijidanganye kwamba fundi mkubwa huota peke yake kama uyoga.

Komeo liache. Nenda karakana kwa miguu yako, uwaombe wale vijana radhi bila kuzungukazunguka, urudi nao na gogo jipya. Mgongeeni pamoja, sauti za wenzake atazifungulia. Kisha keti mbele yake umsimulie uso wa mumeo, paji, mashavu, hata kovu kama alikuwa nalo, wao wakimkosoa na wewe ukinyamaza wanapomkosoa. Mwisho wa mwezi hausubiri. Vaa viatu uende sasa hivi.