Namba Isiyo na Jina Ukutani

Kwako Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama. Uliniuliza kwa nini sipokei simu zako. Nisome hadi mwisho ndipo unitukane.

Miezi miwili iliyopita mkuu wetu wa kazini aliniagiza niwashe seva ya majaribio kabla ya saa sita, maana wageni walikuwa wanakuja kuiona. Seva haifanyi kazi bila poti, yaani namba ya kupokelea mawasiliano, na programu mbili haziwezi kushika namba moja. Sisi tumeruhusiwa poti ishirini tu, na tumebanana humo. Nikijaribu hii, imeshikwa. Nikijaribu ile, imeshikwa. Moja niliikuta wazi, lakini kabla sijawasha seva, jirani yangu wa meza ya pili akawa ameshaidaka, akanicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi jasho lilikuwa linanitoka.

Ukutani tuna karatasi ambayo kila mwenye poti huandika jina lake mbele ya namba. Namba 8080 ilikuwa imeshikwa, lakini haikuwa na jina. Kwa desturi yetu, unauliza mara tatu kwa sauti ni ya nani, kisha unazima programu iliyoishika. Nikauliza. Fundi wa nyaya akasema kama ingekuwa na mwenyewe angeshajitokeza. Nikaizima, seva ikawaka, nikapongezwa.

Mwenyewe alikuwa likizo ya uzazi. Amerudi Jumatatu akiuliza nani kazima programu yake, ile inayowatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha tarehe za hospitali. Nilijifanya natafuta kalamu.

Dada, ule ujumbe wa tarehe ya Mama ya upasuaji wa presha ya jicho, uliotakiwa kuja kwenye simu yako, hukuufuta kwa bahati mbaya. Haukutumwa. Kaka alipokusema mbele ya ukoo mzima kwamba umezembea, nami nikaitikia, sikujua. Tangu Jumatatu najua, na bado nimenyamaza. Kuiwasha tena programu kumechukua dakika moja tu. Lakini jicho la Mama, lile moja lililokuwa limebaki, daktari amesema ndiyo basi, halitaona tena, na sijui pa kuanzia.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama hawezi tena kujisomea, kwa hiyo msomee wewe barua hii, Kaka akiwepo. Usiruke mstari.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba