Umwozeshe Mwanaisha kwa Niaba Yangu

Kabiria, Nairobi

Mdogo wangu Athumani,

Assalaam alaykum. Naomba barua ikukute mzima, na goti la mama liwe limepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umechacha.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu shehe anataka maandishi, nami Ijumaa sitafika.

Najua utanuna. Harusi ya Mwanaisha mmekwisha kuisogeza mara moja kwa ajili yangu, na wakwe wakavumilia. Lakini sikiliza kwanza.

Huku Spring Valley ninakolinda jenereta, mainjinia huchora chipu za simu kwenye kompyuta na kuzipima humo humo kabla hazijatengenezwa. Ndani ya chipu mna swichi ndogo ajabu, na hata zikizimwa hupenyeza umeme kidogo. Huo unaovuja ndio wanaoupima, maana humaliza chaji ya simu ikiwa imelala tu mfukoni. Hesabu yake huenda siku baada ya siku, na stima ikipotea kabla haijaisha wanaanza upya. Ndiyo sababu walininyima ruhusa mara ya kwanza. Jenereta ni kongwe, anayejua kuiwasha ni mimi tu, na hawataki kununua nyingine wala kuniajiria mwenzangu.

Juzi hesabu ikaisha. Nikafunga begi, nikamwendea Wanjiru, injinia anayeisimamia, kumuaga. Nikamkuta amejishika kichwa.

"Mzee Bakari, usiende. Tumeharibu."

"Stima haikupotea hata mara moja."

"Si stima. Ni joto. Chipu ikifanya kazi inachemka, na ikichemka inavuja zaidi sana. Tulifaa kuambia kompyuta ihesabu kama chipu imechemka. Tukasahau, ikahesabu kama iko kwa hiki chumba."

Chumba chenyewe, Athumani, kina baridi ya mashine mpaka wao hukaa na sweta.

"Sasa?"

"Tunarudia yote."

"Ijumaa naozesha binti yangu."

Mkubwa wao akadakia bila hata kugeuza kiti: "Mzee si atatumiwa video? Harusi siku hizi ziko kwa simu."

Wakacheka. Wanjiru hakucheka, akageukia kompyuta yake.

"Na nikienda?" nikamuuliza yule mkubwa.

"Ukienda, mzee, usirudi."

Kazi hii ndiyo inayowalisha nyinyi nyote, unajua. Nikafungua begi. Wanahangaikia umeme wa kitu ambacho hakijakuwepo. Binti yangu yupo.

Basi, mimi Bakari bin Shee, baba yake Mwanaisha, nakupa wewe ndugu yangu Athumani uwakili wa kumwozesha binti yangu kwa Salim bin Omari, kwa mahari tuliyopatana, naye mwenyewe ameridhia. Hayo msomee shehe. Ya juu yabaki kwako.

Watu wakiuliza msikitini kwa nini ami yake ndiye anayemshika mkono bwana harusi, usiseme naumwa. Sema niko hai, niko Nairobi, nimenyimwa ruhusa.

Msalimie mama, na shangazi yetu atakayempaka Mwanaisha hina. Mke wangu najua hazitaki salamu zangu wiki hii, mpe hivyo hivyo.

Mkishamaliza nikahi, nipigie. Ikiwa jenereta inanguruma sitasikia utakalosema, lakini nitaiona simu ikiwaka mkononi, nitajua ameolewa.

Kaka yako,
Bakari