Wekundu wa Junda

Jumanne, baada ya Isha

Na mimi nilidhani wataogopa! Leo nimeionyesha kamati inayotunza kijito cha Junda ile ramani ya kompyuta ya ofisi yetu, inayokadiria uchafu wa maji ya pwani nzima. Junda yote imewaka nyekundu. Nikawaeleza kwamba nyekundu ni maji yaliyoingiwa na kinyesi.

Mwenyekiti, Bi Mwanaisha, akauliza, "Na wenzetu wa Magongo je, mwanangu?"

"Wekundu wao umekolea zaidi, bibi."

"Alhamdulillahi!" Wakapeana mikono, wallahi, kama waliotwaa kombe. Mmoja akaniomba niipake Shanzu nayo wekundu kidogo, maana kijani chao cha usafi kinaudhi.

La kufanya, hakuna aliyeuliza. Labda kosa ni langu. Nimewapelekea rangi, kazi nimeisahau ofisini.

Ikaletwa juisi ya ukwaju, baridi, tamu. Nikanywa gilasi mbili kwa adabu, ndipo nikauliza maji yake yametoka wapi.

"Kisima cha hapo kando ya kijito," akasema Bi Mwanaisha. "Si umetwambia kubaya ni Magongo?"

Tumbo linalonguruma sasa hivi si la mtu wa Magongo.